Ziwa Tanganyika Lina Njaa, na Njaa Haikamatwi kwa Doria

Uliza sokoni Mpanda mjini, mkoani Katavi, kwa nini dagaa wamepanda bei, utapewa jibu moja: wavuvi wamemaliza samaki. Nenda mwambaoni Ikola, nenda Karema, sikiliza mikutano ya hadhara, jibu ni hilo hilo. Makokoro, nyavu za macho madogo, vyandarua, taa nyingi kupita kiasi, mitumbwi mingi kupita kiasi. Na kwa kuwa ugonjwa ni mmoja, dawa nayo ni moja: doria, kuchoma nyavu, na kufunga ziwa. Tanzania ilifunga upande wake wa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano na wenzetu wa Burundi, Kongo na Zambia, na watu wengi waliona kwamba hatimaye tatizo limeshikwa penyewe.

Mimi napinga maelezo hayo. Sipingi kwamba kokoro linaharibu. Linakwangua mazalia ya pwani na kuzoa vifaranga, na chandarua majini ni dhambi isiyohitaji mjadala. Sipingi hata kufunga ziwa. Ninachopinga ni ile imani kwamba idadi ya samaki katika ziwa hili inaamuliwa na mvuvi peke yake, na kwamba tukishamdhibiti tumemaliza kazi. Imani hiyo imeruka swali ambalo mfugaji yeyote wa Mpimbwe angelianza nalo kabla ya kuhesabu mifugo yake: wanakula nini, na chakula hicho kipo?

Tuanze na chakula chenyewe, maana ndicho kisichozungumzwa. Katikati ya Ziwa Tanganyika, mbali na miamba ya pwani yenye samaki wa rangi wanaosifiwa duniani, maisha yote yamejengwa juu ya viumbe wachache mno. Chini kabisa kuna mwani usioonekana kwa macho. Juu yake kuna kopepodi, jamaa wa mbali wa kamba na kaa, ambao wengi wao hawafiki urefu wa milimita mbili. Wawili wanatajwa zaidi: Tropodiaptomus simplex, ambaye chakula chake kikuu ni mwani, na Mesocyclops aequatorialis, ambaye akikua huwakamata wanyama wadogo kuliko yeye, wakiwemo watoto wa kopepodi wenzake. Halafu kuna uduvi wa jenasi ya Limnocaridina, wenye urefu wa sentimita moja au mbili, wasiopatikana pengine popote duniani. Mwanazoolojia Mskoti W. T. Calman aliwaeleza kisayansi mwaka 1899. Kisha wanakuja dagaa wawili tunaowala: Stolothrissa tanganicae, na Limnothrissa miodon ambaye wavuvi wengi humwita lumbo. Juu yao yuko mgebuka, Lates stappersii, aliyepewa jina la Louis Stappers, Mbelgiji aliyelichunguza ziwa hili kabla tu ya Vita ya Kwanza ya Dunia.

Hao ndio karibu wote. Ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi, linalisha miji ya nchi nne kwa mnyororo wenye pete tano tu. Hata wale viroboto-maji, yaani Daphnia na jamaa zake, ambao ni chakula kikuu cha samaki katika maziwa mengi, hawapo katika maji ya katikati ya Tanganyika. Kwa hiyo kopepodi akipungua hakuna mbadala. Dagaa hawezi kusema leo nitakula kingine.

Sasa tazama jinsi mnyororo huo unavyofuata majira. Ziwa Tanganyika limegawanyika katika tabaka. Maji ya juu ni ya vuguvugu na yana hewa. Maji ya chini ni baridi kidogo, na kuanzia kina cha mita 100 hivi upande wa kaskazini na karibu 200 upande wa kusini hayana oksijeni kabisa. Rutuba ya ziwa, yaani fosforasi, nitrojeni na silika kutokana na kila kilichokufa na kuzama, imelala huko chini. Kinachoipandisha ni upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kuelekea Bujumbura, na kule Mpulungu maji ya chini hupanda kuziba pengo. Upepo ukikoma, tabaka lililoinamishwa hurudi na kuyumba huku na huko kwa wiki na miezi, likipandisha rutuba sehemu nyingine za ziwa. George Coulter, aliyehariri kitabu kikubwa kuhusu ziwa hili kilichotoka mwaka 1991, ndiye aliyeonyesha wazi uhusiano huo kati ya upepo, mwani na samaki.

Hapo ndipo ulaji wa wadogo hawa unapobadilika, na hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Wakati wa upepo na rutuba, mwani unaostawi huwa na diatomu nyingi, mwani wa seli kubwa ambazo kopepodi anaweza kuzishika na kuzila moja kwa moja. Mvua zikianza Novemba, upepo ukalala na jua likapasha maji ya juu, ziwa hujifunga. Rutuba haipandi. Mwani unaobaki kwa wingi ni wa seli ndogo kupindukia, sianobakteria wasiofika hata sehemu mbili kati ya elfu za milimita, wadogo mno kwa kopepodi kuwachuja vizuri. Kinachowala ni vijidudu vya seli moja, na kopepodi naye huwala vijidudu hivyo. Yule aliyekuwa anakula mwani analazimika kula zaidi wanyama.

Msomaji atauliza: kwani kuna ubaya gani? Ubaya ni kwamba kila pete inayoongezwa kwenye mnyororo wa chakula inapoteza sehemu kubwa ya nguvu. Kiumbe hutumia sehemu kubwa ya anachokula kwa kupumua, kutembea na kuishi tu; kinachobaki mwilini kumlisha anayefuata ni kidogo. Mwani uleule, ukipita mkono mmoja zaidi kabla ya kumfikia kopepodi, unakuwa chakula kidogo zaidi kwa dagaa, na kidogo zaidi tena kwa mgebuka. Majira ya utulivu yakirefuka, hata kwa wiki chache, hesabu nzima ya ziwa inashuka, na hakuna mvuvi aliyeongeza hata jicho moja la wavu.

Na utulivu wa maji unazidi kweli. Mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti, la Piet Verburg na la Catherine O'Reilly, yalichapisha karibu kwa wakati mmoja matokeo yanayokubaliana. Walilinganisha vipimo vya mwanzoni mwa karne ya 20 na vya mwishoni mwake, wakaona kwamba maji ya juu yamepata joto haraka kuliko ya chini, tofauti ya uzito kati ya tabaka imeongezeka, na upepo hauwezi tena kuyachanganya kama zamani. O'Reilly na wenzake walikadiria kwamba uzalishaji wa mwani umeshuka kwa takriban asilimia 20, na kwamba upungufu huo ungeshusha samaki kwa takriban asilimia 30. Mtu anayesema tatizo ni kokoro tu lazima atuambie asilimia hizo anaziweka wapi.

Najua pia kuna wanasayansi wasiokubali. Mwaka 2006 Jouko Sarvala wa Finland na wenzake, watu waliolifanyia kazi ziwa hili kwa miaka mingi, walijibu kwamba mabadiliko ya kiasi cha samaki wanaovuliwa yanaeleza zaidi mabadiliko ya uvuvi wenyewe kuliko tabianchi. Ni hoja nzito, na wanaomlaumu mvuvi peke yake wangeweza kuishika. Takwimu za uvuvi kweli zinapotosha: kampuni zenye meli za nyavu za kuzungushia zikifunga biashara, tani zinashuka bila samaki kupungua hata mmoja. Lakini angalia hoja hiyo inasema nini hasa. Inasema tani zilizovuliwa si kipimo kizuri cha hali ya ziwa. Basi, kama si kipimo kizuri cha kuthibitisha tabianchi, si kipimo kizuri pia cha kumtia hatiani mvuvi wa Kapalamsenga. Huwezi kuukataa ushahidi kwa upande mmoja ukaukubali kwa upande wa pili.

Na tangu 2016 tuna ushahidi usiotegemea daftari la mwalo wowote. Andrew Cohen na wenzake walichimba matope ya sakafu ya ziwa na kusoma mabaki ya samaki na ya mwani yaliyolala humo tabaka kwa tabaka. Waliona kupungua kulikoanza kabla ya uvuvi wa kibiashara kushika kasi katikati ya karne ya 20, kukifuatana na kupanda kwa joto. Matope hayana ubishi na Halmashauri, hayaogopi faini, wala hayana sababu ya kumtetea mvuvi.

Wenye mtazamo ninaoupinga huwa na jibu lao la mwisho: lakini ziwa lilipofunguliwa, samaki walionekana. Hili ndilo jibu linalowaridhisha wengi, na ndilo dhaifu kuliko yote. Tazama kalenda. Ziwa linafungwa katikati ya Mei, upepo unapoanza. Linafunguliwa katikati ya Agosti, baada ya upepo kulilisha kwa miezi mitatu. Rutuba imepanda, mwani umestawi, kopepodi wamezaana. Samaki wakionekana wengi Agosti na Septemba, inaweza kuwa ni kwa sababu wavuvi walipumzika. Inaweza kuwa ni kwa sababu upepo ulifanya kazi yake ya kila mwaka. Inaweza kuwa ni vyote viwili kwa pamoja. Nani ajuaye, kama hakuna aliyehesabu kopepodi kabla, wakati na baada? Mwaka ambao upepo utakuwa dhaifu, tutafunga miezi mitatu ileile, familia zitakaa bila kipato miezi mitatu ileile, na matokeo yasipoonekana watalaumiwa tena wavuvi kwamba walivua kwa siri.

Kuna jambo jingine kuhusu dagaa ambalo mjadala huu unalisahau. Dagaa si tembo. Stolothrissa huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo, huzaa mapema, na kundi zima hubadilika haraka. Kumwacha mkubwa asivuliwe kuna faida pale tu ambapo mayai yake yatapata chakula yakishaanguliwa. Kifaranga wa dagaa ana siku chache za kupata kopepodi wadogo kabla hajafa njaa. Mulimbwa N'Sibula wa Uvira na wenzake walichunguza jambo hili upande wa kaskazini mwa ziwa na kuchapisha mwaka 2014: walifuatilia uzazi wa dagaa wote wawili sambamba na kupanda na kushuka kwa kopepodi kwa majira. Kule kwetu Tanzania, Ismael Kimirei na Yunus Mgaya walikuwa wameshachapisha mwaka 2007 utafiti kuhusu jinsi mazingira yanavyobadilisha upatikanaji wa dagaa kwa majira katika eneo la Kigoma. Hawa ni watu wetu, wamefanya kazi kwenye ziwa letu, na maswali waliyouliza ndiyo ninayotaka yaulizwe kwenye mikutano ya Karema.

Uduvi nao wana lao la kusema. Kusini mwa ziwa, watafiti waliopasua matumbo ya migebuka waliwakuta wamejaa uduvi, wakati kaskazini matumbo yalijaa dagaa. Maana yake ni kwamba mgebuka huyohuyo anaishi maisha mawili kutegemea yuko wapi na nani anapatikana. Pale ambapo Stolothrissa ni adimu, uduvi ndio wanaomshikilia. Sasa sisi wa Katavi tuko wapi? Pwani yetu, ya Ikola na Karema, iko katikati, kati ya Kigoma na mpaka wa Zambia. Migebuka wetu wanaishi kwa dagaa zaidi au kwa uduvi zaidi, na mwezi upi? Mradi mkubwa wa Utafiti wa Ziwa Tanganyika ulioendeshwa na FAO kwa fedha za Finland katika miaka ya 1990 uliweka vituo vyake vikuu Bujumbura, Kigoma na Mpulungu. Karema haikuwemo. Tunaamuliwa kwa hesabu za ncha mbili za ziwa, na tunapewa tarehe moja na wote, ingawa upepo haufiki wala haufanyi kazi ileile kwa siku moja katika ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 670.

Kama mtu anadhani nakuza mno nafasi ya viumbe wasiotosha hata ukucha, amtazame jirani yetu wa kaskazini. Katika Ziwa Victoria, sangara alipowamaliza furu katika miaka ya 1980, uduvi wa Caridina nilotica waliongezeka kwa wingi mkubwa, na sangara wachanga wakahamia kuwala hao. Minofu iliyojaza viwanda vya Mwanza na kwenda Ulaya ilianza maisha kwa kula uduvi.

Na kuna kisa cha Ziwa Flathead, jimboni Montana, Marekani, ambacho kingepaswa kusomwa na kila anayeamini kwamba samaki humalizwa na nyavu tu. Kati ya 1968 na 1975 maofisa wa samaki waliweka uduvi wa jenasi ya Mysis katika maziwa ya juu ya bonde lile, wakitaka kuwanenepesha samaki. Uduvi wakateremka na maji, na mwaka 1981 wakaonekana Flathead yenyewe. Mchana walikaa chini kwenye giza, mbali na samaki. Usiku walipanda na kula planktoni ileile waliyoitegemea samaki aina ya kokanee. Kijito cha McDonald, ambako kokanee walikwenda kutaga, kilikuwa kikipokea samaki zaidi ya laki moja katika mwaka mzuri. Mwaka 1989 walihesabiwa 50 hivi. Tai waliokuwa wakikusanyika pale msimu wa kutaga, waliowahi kufika zaidi ya 600, wakatoweka karibu wote. Ungeweza kupeleka boti za doria usiku na mchana kwenye ziwa lile, ungeweza kulifunga miaka mitatu badala ya miezi mitatu, kokanee wasingerudi. Waliokula chakula chao hawakuwa na mtumbwi.

Sisi wa Katavi tunaielewa hoja hii kuliko tunavyokiri. Kila kiangazi viboko wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi hurundikana kwenye madimbwi ya Mto Katuma, wamebanana, wengine wakifia humo. Hakuna anayesimama kusema viboko wanabanana kwa sababu ya majangili. Tunatazama maji, tunaona mto umepungua, tunauliza ni nani aliyeuchepusha kwa ajili ya mashamba huko juu na ni kiasi gani. Tukifika ziwani tunasahau akili hiyo, tunamtafuta mtu wa kukamata.

Najua kwa nini. Mtu anakamatika. Nyavu zinachomeka, picha zinapigwa, taarifa inaandikwa kwamba hatua zimechukuliwa. Upepo uliodhoofika hauna wa kumpeleka mahakamani, na kopepodi haonekani bila hadubini. Lakini sera inayochagua sababu kwa kuangalia ni ipi inayokamatika itaendelea kuumiza watu walewale, na kuwaumiza bure. Miezi mitatu bila kuvua, kwa kaya ya Ikola isiyo na shamba la maana, ni ada ya shule isiyolipwa na mtaji wa mama muuza dagaa ulioliwa. Mzigo wa namna hiyo mtu anaweza kuubeba kwa moyo akiambiwa ukweli wote: kwamba uvuvi mbaya ni sehemu ya tatizo, kwamba sehemu nyingine ni joto ambalo yeye hakulileta, na kwamba kuna anayepima ili mateso yake yasiwe ya kubahatisha. Akiambiwa tu kwamba yeye ndiye mwizi wa ziwa, hana sababu ya kushirikiana na yeyote.

Kupima si jambo la gharama za kutisha. Wavu wa planktoni ni kitambaa chenye matundu madogo sana kilichoshonwa kwenye mduara na kufungwa chupa chini. Unateremshwa kwa kamba hadi kina kinachojulikana, unavutwa juu, kilichomo kinahifadhiwa na kuhesabiwa kwa hadubini. Kazi hiyo ifanyike mara moja kila mwezi, usiku na mchana, kwa sababu kopepodi na uduvi hupanda usiku na kushuka mchana. Joto la maji lipimwe kwa kina mbalimbali siku hiyohiyo, na matumbo ya dagaa na migebuka wachache waliotua mwaloni yapasuliwe kuona walikula nini. Bandari mpya ya Karema inaweza kuwa kituo. Vijana wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi wanaweza kufundishwa kuchukua sampuli. Kigoma kuna kituo cha taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, chenye watu wanaojua kuzisoma.

Mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika ulitiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na nchi zote nne ziliahidi humo kushirikiana katika utafiti na kupeana taarifa. Kwa hiyo ninachokiomba si kipya wala si cha upendeleo. Naiomba Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, naiomba TAFIRI, naiomba Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika pale Majalila: tangazo lijalo la kufunga ziwa lije likiwa na ukurasa wa pili, unaoonyesha hesabu ya kopepodi na uduvi mbele ya Karema na Ikola kwa kila mwezi wa mwaka uliotangulia. Na hadi ukurasa huo utakapokuwepo, wavuvi wa Katavi wasiitwe wezi wa samaki ambao hatujui kama walipata chakula cha kuwakuza.